Jiji la Dhahabu, Milima ya Pilane na Sun City: Historia ya Njia Moja ya Watalii

Njia ya watalii inayoanzia Johannesburg na Pretoria, ikaingia katika Hifadhi ya Wanyama ya Pilanesberg na kuishia kwenye hoteli za kifahari za Sun City, ni miongoni mwa njia zinazojulikana sana Afrika Kusini. Kutoka Johannesburg hadi Sun City ni mwendo wa saa mbili hivi kwa gari. Kutoka Sun City hadi lango la hifadhi liitwalo Bakubung ni dakika chache tu. Wageni wengi huongeza Cape Town mwanzoni au mwishoni mwa safari, kwa ndege ya saa mbili.

Ukaribu huu wa jiji, wanyama na anasa haukuja kwa bahati. Uliletwa na dhahabu, sheria za ardhi, siasa za ubaguzi wa rangi na marufuku ya kamari, mambo yaliyofuatana kwa muda wa karne moja hivi. Gharama yake ililipwa zaidi na wenyeji waliokuwa na makazi, mashamba na makaburi ya wazee wao katika milima hiyo.

Miji mikubwa

Cape Town ndio mji mkongwe kuliko yote. Mwaka 1652 Jan van Riebeeck, mtumishi wa Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki, alianzisha hapo kituo cha kuzipatia meli maji, mboga na nyama. Kazi za mji ziliendeshwa na watumwa waliotolewa Madagaska, India, visiwa vya Indonesia ya leo na pwani ya Msumbiji. Uzao wao ndio uliojenga mtaa wa Bo-Kaap, wenye Msikiti wa Auwal ulioanzishwa mwaka 1794. Utalii ulipata nguvu zama za meli za abiria. Hoteli ya Mount Nelson ilifunguliwa mwaka 1899, na gari la kamba la kupandisha watu Mlima wa Meza likaanza kazi mwaka 1929. Mji huohuo ulishuhudia mtaa wa District Six ukitangazwa kuwa eneo la Wazungu mwaka 1966. Watu zaidi ya 60,000 walihamishwa na nyumba zao zikabomolewa.

Pretoria ilianzishwa mwaka 1855 na kuwa makao makuu ya jamhuri ya Makaburu ya Transvaal. Majengo yake ya serikali yaliyo kilimani, yaliyochorwa na Herbert Baker, yalikamilika mwaka 1913. Hapo ndipo Nelson Mandela alipoapishwa kuwa rais tarehe 10 Mei 1994.

Johannesburg ni mtoto wa dhahabu. Mwaka 1886 mwamba wenye dhahabu uligunduliwa katika shamba la Langlaagte, na kabla mwaka haujaisha mji ulikuwa umepimwa viwanja. Haukuwa na mto wala bandari, lakini sensa ya mwaka 1896 ilikuta watu wapatao 100,000. Reli kutoka Cape Town ilikuwa imefika tangu mwaka 1892. Migodi ilihitaji wanaume wengi wa kushuka chini ya ardhi, ikawakusanya kutoka Afrika Kusini yote, Msumbiji, Nyasaland (Malawi ya leo) na kwingineko. Wakafungiwa katika kambi za wanaume pekee, huku familia zao zikibaki vijijini.

Kadiri mji ulivyotajirika, ndivyo Waafrika walivyosukumwa mbali nao. Kuanzia Februari 1955 wakazi wa Sophiatown walipakiwa kwenye malori na kupelekwa Meadowlands. Vitongoji vya kusini-magharibi vilipewa jina la pamoja la Soweto mwaka 1963, na huko ndiko wanafunzi waliandamana tarehe 16 Juni 1976 wakakutana na risasi. Ilipofika miaka ya 1970, basi, Johannesburg ilikuwa jiji la Wazungu wenye fedha nyingi na sheria kali. Televisheni ilianza kurusha matangazo ya kawaida mwaka 1976 tu. Kamari ilikuwa imepigwa marufuku, michezo ya jukwaani ilikaguliwa, na mapenzi kati ya Mzungu na mtu asiye Mzungu yalikuwa jinai. Jiji la namna hiyo lilikuwa soko tayari kwa yeyote ambaye angeuza starehe nje kidogo ya mpaka wake.

Milima ya Pilane

Pilanesberg ni masalio ya volkano iliyolipuka zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita. Ukitazama kutoka angani unaona milima iliyopangana kwa duara, pete ndani ya pete, kwa upana wa kilomita 25 hivi. Katikati kuna bwawa la Mankwe. Kinachoonekana leo si kreta yenyewe, bali mizizi ya mlima ambao mvua na upepo vimeula kwa muda mrefu usiokadirika.

Watu wa jamii za Batswana waliishi katika nyanda hizi kwa karne nyingi. Walifuga ng'ombe, walilima mtama, walifua chuma na kujenga miji ya kuta za mawe. Mji wa Kaditshwene wa Bahurutshe, ulioko magharibi zaidi, ulitembelewa na mmisionari John Campbell mwaka 1820. Aliukuta na maelfu ya watu, mji unaoweza kulinganishwa kwa ukubwa na Cape Town ya siku zile. Vita vya miaka ya 1820 na utawala wa Mzilikazi, mfalme wa Ndebele, vilivuruga sehemu kubwa ya maisha hayo, kisha kuanzia mwisho wa miaka ya 1830 wakaja Makaburu na bunduki zao, wakagawana ardhi.

Milima ilipata jina lake kutoka kwa Pilane, mtawala wa Bakgatla ba Kgafela aliyefariki mwaka 1848. Chini ya Makaburu watu wake walijikuta wapangaji katika nchi yao, wakidaiwa kazi ya bure kwenye mashamba ya mabwana wapya. Mmoja wa mabwana hao alikuwa Paul Kruger, ambaye baadaye alikuwa rais wa Transvaal. Mwaka 1870 Kgosi (yaani mtawala) Kgamanyane, mwana wa Pilane, alikataa kuendelea kutoa watu wa kazi hiyo. Kruger alimchapa viboko hadharani, mbele ya raia zake. Kwa mtawala wa Kitswana fedheha hiyo haikuwa na suluhu. Kgamanyane aliwachukua watu wake wengi, akavuka mpaka na kuweka makao Mochudi, katika Botswana ya leo. Wachache walibaki Moruleng, mahali ambapo Makaburu walipaita Saulspoort.

Tangu hapo kabila likawa na miguu miwili, mmoja huku na mwingine kule. Waliobaki, wakisaidiwa na wenzao wa ng'ambo, walichangishana ng'ombe na fedha ili wanunue tena mashamba yao. Kwa kuwa Mwafrika hakuruhusiwa kuandikishwa kama mmiliki, hati ziliwekwa kwa jina la mmisionari au la ofisa wa serikali. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1913 ilikaza kamba zaidi, ikizuia Waafrika kununua ardhi nje ya maeneo machache waliyotengewa. Hata hivyo Bakgatla walishikilia sehemu ya kaskazini ya milima, na sehemu nyingine zikawa mashamba ya Wazungu.

Bophuthatswana

Sera ya ubaguzi wa rangi ilikusudia kuwafanya Waafrika wawe wageni katika nchi yao. Kwa sheria ya mwaka 1959 kila kabila lilipangiwa nchi yake ndogo, na kwa sheria ya mwaka 1970 kila Mwafrika akahesabiwa kuwa raia wa nchi hiyo hata kama alizaliwa na kukulia Johannesburg. Batswana walipewa Bophuthatswana, vipande vya ardhi vilivyotawanyika na kutenganishwa na mashamba ya Wazungu. Tarehe 6 Desemba 1977 vilitangazwa kuwa nchi huru chini ya Rais Lucas Mangope, makao makuu yakiwa Mmabatho. Hakuna nchi ya Umoja wa Mataifa, isipokuwa Afrika Kusini yenyewe, iliyoutambua uhuru huo.

Serikali ya Mangope ilikuwa na platinamu iliyochimbwa kandokando ya Pilanesberg, lakini ilihitaji mapato zaidi na jina la kuonyesha duniani. Ikaamua mambo mawili kwa pamoja: kuruhusu kamari, na kuifanya milima iwe hifadhi ya wanyama. Sheria za Afrika Kusini za kuwatenga watu kwa rangi hazikutumika ndani ya mipaka yake. Jambo hilo lilikuwa zuri kwa maneno, lakini msingi wa nchi yenyewe ulikuwa ni kutenganisha watu kwa kabila.

Kuzaliwa kwa Sun City

Aliyeiona nafasi hiyo alikuwa Sol Kerzner, mtoto wa wahamiaji wa Kiyahudi kutoka Ulaya Mashariki, aliyezaliwa Johannesburg mwaka 1935. Alisomea uhasibu, akaingia katika biashara ya hoteli, na mwaka 1964 akafungua hoteli ya Beverly Hills huko Umhlanga, kaskazini mwa Durban. Mwaka 1969 alishirikiana na kampuni kubwa ya bia kuanzisha Southern Sun. Alipoitazama ramani ya Bophuthatswana alitafuta mahali palipo karibu zaidi na fedha za Johannesburg na Pretoria, akapata bonde kavu lililo chini ya ukingo wa kusini wa Pilanesberg.

Sun City ilifunguliwa tarehe 7 Desemba 1979. Ilikuwa na hoteli, kasino, maonyesho ya jukwaani ambayo yasingeruhusiwa Johannesburg, na uwanja wa gofu uliochorwa na Gary Player. Kila mwisho wa wiki mabasi na magari ya watu binafsi yalimiminika barabarani. Mhasibu au muuza duka wa Johannesburg aliyekatazwa kucheza ruleti kwao aliicheza hapa bila woga, akilala hoteli moja na watu wa rangi zote. Jumatatu asubuhi alikuwa amesharudi kazini, chini ya sheria zilezile.

Hatua chache kutoka lango la Sun City kulikuwa na kijiji cha Ledig. Wakazi wake, Bakubung, walikuwa wamehamishiwa hapo katika miaka ya 1960 kutoka ardhi yao ya zamani upande wa kusini, kwa amri ya serikali. Ledig na vijiji vya jirani ndivyo vilivyotoa wafagiaji, wapishi, watandika vitanda na watunza bustani. Ajira ilikuwa ya kweli na ilisomesha watoto wengi. Lakini mfanyakazi aliyetoka kuwasha maelfu ya taa za kasino alirudi kwenye nyumba isiyo na bomba wala umeme.

Operesheni Genesis

Hifadhi ya Pilanesberg ilifunguliwa mwezi huohuo wa Desemba 1979. Haikufanana na hifadhi za Serengeti au Kruger, ambako wanyama walikuwepo na mipaka ikachorwa kuwazunguka. Hapa wanyama wakubwa walikuwa wamekwisha zamani kwa bunduki na kilimo, hivyo ilibidi kila kitu kianze upya. Mashamba ya Wazungu yalinunuliwa na serikali. Familia za Bakgatla zilizokuwa zikiishi na kuchunga ndani ya duara la milima zilitakiwa kuondoka. Nyumba, uzio na nguzo za simu viling'olewa, mimea ya kigeni ikakatwa, na ua mrefu ukazungushwa kwenye eneo la hekta zipatazo 55,000.

Ndipo ikaanza kazi iliyopewa jina la Operesheni Genesis. Wanyama wapatao 6,000 walihamishiwa Pilanesberg katika miaka michache, uhamisho mkubwa kuliko wowote uliokuwa umefanywa Afrika hadi wakati huo. Pofu walitoka Namibia, vifaru wakatoka Natal. Nyati na baadhi ya ndovu waliletwa kutoka Addo, kusini kabisa mwa nchi, ambako nyati hawakuwa na ugonjwa wa miguu na midomo. Wanyama waliposhushwa kutoka kwenye malori waliwekwa kwanza kwenye zizi kubwa lenye ua imara ili wapumzike na kuzoea majani ya mahali hapo, kisha wakafunguliwa. Simba walichelewa. Waliletwa kutoka Etosha, Namibia, mwaka 1993, swala na pundamilia walipokuwa wameshaongezeka vya kutosha.

Somo kubwa kuliko yote lilitoka kwa ndovu. Wengi wa walioletwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuwa watoto yatima kutoka Kruger, ambako ndovu wazima walipunguzwa kwa risasi. Wakati ule hapakuwa na uwezo wa kusafirisha ndovu dume mzima. Watoto hao walikua bila wakubwa wa kuwaongoza. Walipobalehe, madume waliingia mapema mno katika kipindi cha joto la kupanda, ambapo homoni huongezeka, majimaji hutiririka kandokando ya kichwa na mnyama huwa mkali. Kwa kawaida dume mchanga akikutana na dume mzee mwenye nguvu, hali hiyo hutulia upesi. Pilanesberg hapakuwa na mzee. Kati ya mwaka 1992 na 1997 ndovu vijana waliua vifaru weupe zaidi ya 40.

Mwaka 1998 wasimamizi walileta madume sita wazima kutoka Kruger, kwani malori na dawa za usingizi za kuweza kazi hiyo zilikuwa zimepatikana. Mauaji yakakoma. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature mwaka 2000, na tangu hapo wataalamu wanaohamisha ndovu popote hujitahidi kuhamisha familia nzima pamoja na wazee wao.

Kususiwa

Fedha za kasino ziliiwezesha Sun City kuwaita watu mashuhuri kwa malipo makubwa. Mwezi Oktoba 1980 Mike Weaver wa Marekani alimwangusha Gerrie Coetzee wa Afrika Kusini katika pambano la ubingwa wa dunia wa uzito wa juu. Mwaka 1981 Frank Sinatra aliimba katika ukumbi mpya wa Super Bowl. Mwishoni mwa mwaka huo yalianza mashindano ya gofu ya zawadi ya dola milioni moja. Elton John alikuja, na kundi la Queen likaja mwaka 1984.

Kwa Waafrika Kusini waliokuwa gerezani na uhamishoni, kila onyesho la namna hiyo lilikuwa pigo, kwa kuwa liliupa uhuru wa bandia sura ya uhuru wa kweli. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitoa wito wa kuisusia Afrika Kusini kiutamaduni mwezi Desemba 1980, na baadaye Kamati Maalumu dhidi ya Ubaguzi wa Rangi ikaanza kuchapisha orodha ya wasanii waliokwenda. Nchi zilizokuwa mstari wa mbele wa ukombozi hazikusita katika jambo hili. Tanzania ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) tangu mwaka 1963, na shule ya chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, ANC, ilikuwa Mazimbu, Morogoro. Kwa Mtanzania wa miaka hiyo, Sun City palikuwa mahali pa kulaaniwa wala si pa kutembelea.

Mwaka 1985 mwanamuziki wa Marekani Steven Van Zandt aliwakusanya wenzake wengi, wakiwemo Miles Davis, Bob Dylan na Bruce Springsteen, wakarekodi wimbo uliobeba jina la Sun City na kuahidi kutokanyaga huko. Tangu hapo mwanamuziki mkubwa aliyekubali mwaliko alijua kuwa angehojiwa kila aendako.

Kasri na mji wa kubuni

Mandela alitoka gerezani Februari 1990, na vikwazo vikaanza kulegea. Desemba 1992 Kerzner alifungua Kasri la Mji Uliopotea, hoteli ya vyumba 338 iliyojengwa kwa minara, nguzo na sanamu za wanyama, na uani mwake ndovu wa shaba mwenye ukubwa kamili. Kando yake lilichimbwa bwawa lenye mashine za kutengeneza mawimbi na ufuo wa mchanga, katika bonde lililo mamia ya kilomita kutoka baharini. Msitu mzima ulipandwa kwa miti iliyohamishwa ikiwa mikubwa. Wageni walisimuliwa hadithi ya taifa la kale lililohamia hapo kutoka kaskazini, likajenga kasri, kisha likatoweka kwa tetemeko la ardhi.

Hadithi hiyo ilitungwa na wabunifu wa hoteli. Historia ya kweli ya miji ya mawe ya Batswana, ambayo kuta zake bado zinaonekana katika vilima vya eneo hilo, haikupewa nafasi. Kwa utalii lilikuwa ni kosa kubwa, kwa sababu Kaditshwene na Moruleng vina simulizi nzito kuliko lolote lililobuniwa, na wajukuu wa wajenzi wake walikuwa ndio wanaopokea mizigo ya wageni mlangoni.

Ubunifu huo hata hivyo ulifanikiwa kibiashara. Mashindano ya Miss World yalifanyika Sun City katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1990, na tena mwaka 2001, Agbani Darego wa Nigeria aliposhinda. Kerzner mwenyewe aliupeleka mtindo huo kwenye hoteli za Atlantis huko Bahamas na, mwaka 2008, Dubai.

Baada ya 1994

Mangope alikataa kushiriki uchaguzi wa kwanza wa watu wote. Machi 1994 watumishi wa serikali waligoma, askari wakaasi, na wanamgambo wa Kizungu walioingia Mmabatho kumsaidia wakatimuliwa. Aliondolewa madarakani, na tarehe 27 Aprili Bophuthatswana ikafutika. Pilanesberg na Sun City vikawa sehemu ya mkoa wa North West.

Sheria ya Kamari ya mwaka 1996 ilifungua kasino nchi nzima, zikiwemo Gold Reef City na Montecasino ndani ya Johannesburg. Sababu iliyoizaa Sun City ikawa imekwisha. Ilibaki na gofu, maji, mikutano ya kampuni na likizo za familia, na zaidi ya yote ikabaki na jirani yake, hifadhi isiyo na malaria ambapo mtalii anaweza kuwaona simba, chui, ndovu, nyati na vifaru ndani ya siku moja. Miaka ya mwanzo wanyama walikuwa kivutio cha pembeni cha kasino. Siku hizi wageni wengi huja kwa ajili ya wanyama, na hoteli ni mahali pa kulala.

Johannesburg nayo ilibadilika. Soko la hisa lilihamia Sandton mwaka 2000, na hoteli kubwa zikalifuata. Ziara za jiji sasa hupita Mtaa wa Vilakazi huko Soweto, Makumbusho ya Ubaguzi wa Rangi yaliyofunguliwa mwaka 2001, na gereza la zamani ambalo tangu mwaka 2004 ni makao ya Mahakama ya Katiba. Cape Town ina kisiwa cha Robben, kilichofanywa makumbusho mwaka 1997 na kuingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1999. Miji imekubali kuonyesha majeraha yake, na wageni hulipa kuyaona.

Pilanesberg bado iko nyuma katika jambo hilo. Sheria ya Kurejesha Haki za Ardhi ya mwaka 1994 iliwapa waliopokonywa ardhi baada ya tarehe 19 Juni 1913 nafasi ya kudai, na Bakgatla ba Kgafela wakadai ardhi yao ndani ya hifadhi. Leo wanatambuliwa kuwa wadau wenye haki katika ardhi hiyo, huku uhifadhi ukiendelea kusimamiwa na bodi ya hifadhi ya mkoa. Haki ya mapato ni hatua, lakini haitoshi. Mtalii anayelipia kasri la kubuni anastahili kuonyeshwa pia makaburi na misingi ya nyumba iliyomo ndani ya hifadhi, na kutajiwa jina la Kgamanyane. Anayepanga safari hii na atenge nusu siku kwa ajili ya Moruleng, kwa kuwa hapo ndipo wanapoishi watu ambao ardhi yao iliiwezesha njia nzima kuwepo.